Anza na Aliyenyamaza

Mara ya kwanza kumwona Matroni wetu nilidhani ni mgonjwa. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, amejikumbatia, viganja amevibana makwapani, anatazama dirishani kama mtu anayesubiri basi lililochelewa. Mimi nilikuwa nimeshuka jana yake kutoka Nachingwea, kusini kwenye joto, nimevaa sweta la kuazima, meno yanagongana. Nikamsogelea na huruma zangu zote.

"Shikamoo mama. Unasikia baridi, eeh? Twende kitandani nikufunike."

Akanigeukia taratibu, akanipima kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Marahaba. Kitanda changu kiko nyumbani kwangu. Wewe ndiye yule nesi mpya wa kwenye korosho?"

Basi jina likawa hilo. Tangu siku hiyo mpaka leo mimi ni Korosho, na wale niliowakuta hapo na waliokuja nyuma yangu wananiita hivyo hivyo bila kujua lilikotoka.

Alikuwa anapasha mikono. Maji ya bomba la hospitali yetu asubuhi yanauma mpaka kwenye mfupa, na ukungu wa huku juu Mbulu hauondoki mapema. Ananawa kwa sabuni, anajifuta, halafu anasimama pale kando ya mgonjwa amejikumbatia mpaka viganja vipate joto, ndipo amguse. Hakuwa na haraka. Wagonjwa walishamzoea, wanamtazama tu kama unavyomtazama mtu anayepuliza moto. Ole wako ukutwe umemgusa mtu tumboni na mkono uliotoka kwenye maji! Alikuwa anakuja nyuma yako kimya kimya, anakuwekea viganja vyake vya baridi shingoni, ndani ya kola kabisa, na wewe unaruka na kupiga ukelele mbele ya wodi nzima. "Umesikia?" anasema. "Na huyu ndivyo alivyosikia, ila yeye hana nguvu ya kuruka." Wagonjwa wanacheka, wewe unataka ardhi ipasuke.

Siku hizi amestaafu, anaishi Gitting, analima maharage. Mwaka huu jirani yake, mama mmoja wanayepakana naye shamba, akanipigia simu. "Nesi, njoo umwone Mama yenu. Ana kidonda mguuni, kimeanza kunuka, na neno hospitali hataki kulisikia." Matroni ana kisukari cha miaka mingi, na sisi tunaofanya kazi hii tunajua mwisho wa kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari. Akichelewa unaondoka mguu. Akichelewa zaidi anaondoka mwenyewe.

Nikampigia palepale.

"Habari za huko mama?"

"Nzuri sana. Maharage yamekubali."

"Na mguu?"

"Mguu upo." Akakata simu.

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nikaomba ruhusa ya kwenda siku yangu ya mapumziko, na hizo siku za kungoja nilizipitisha nikimfikiria yeye tu. Kabla sijasimulia nilichokikuta Gitting, acha niseme ni mtu wa namna gani, maana asiyemjua atasema ni bibi mkaidi tu wa mlimani. Mkaidi ni kweli. Lakini mimi katika maisha yangu sijakutana na binadamu mwingine aliyenifanya nisimame mlangoni nimesahau nilichofuata, nikimtazama anafanya kazi.

Hiyo "nzuri sana" ya kwenye simu, kwa mfano. Ni yeye huyo huyo aliyetufundisha tusiiamini. Kulikuwa na mwenzetu mmoja, kijana safi, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza. Asubuhi moja akapita kwa bibi mmoja wa Gehandu aliyelazwa kwa homa. "Shikamoo bibi." "Marahaba." "Habari za asubuhi?" "Nzuri." "Umelalaje?" "Salama." Kijana akaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, akasonga mbele. Na mtu atamlaumu vipi? Ameuliza, amejibiwa.

Matroni akapita nyuma yake. Akajikumbatia weee, halafu akavuta kigoda akakaa. Hakumuuliza bibi habari hata moja. Alimuuliza ng'ombe wake nani anawakamua. Bibi akasema mkwe wake, lakini yule mkwe anakamua kwa hasira, ng'ombe wanazuia maziwa. Wakaongea ng'ombe pale mpaka mimi nikachoka kusimama. Katikati ya maneno bibi akaanza kulia, akasema atakufa hajawaona tena ng'ombe wake, maana tumbo linataka kupasuka. Matroni akaingiza mkono chini ya blanketi. Kibofu kilikuwa kimejaa, kigumu kama boga. Tangu jana yake bibi alikuwa hajakojoa na alikuwa anaona aibu kumwambia kijana wa umri wa mjukuu wake. Tukaweka mpira wa mkojo, na yule bibi alipopata nafuu alimshika Matroni masikio yote mawili akambariki kwa Kiiraqw, lugha ya huku.

Baadaye alituita wote. Hakumgombeza kijana. "Huku," alisema, "mtu ukimuuliza habari atakwambia nzuri hata kama nyumba inaungua nyuma yake. Siyo uongo, ni adabu. Kwa hiyo msalimie vizuri, aitikie, yaishe. Halafu ndiyo uanze kazi." Yule kijana siku hizi ni nesi mzuri ajabu, na ukimsikia wodini anaulizia mifugo ya watu utadhani ni bwana mifugo.

Na alikuwa na utaratibu wake wa kupita wodini ambao sijauona pengine. Wengi wetu tunaanza na kitanda cha mlangoni tunakwenda kwa mstari, au tunamkimbilia anayepiga kelele. Yeye alikuwa anasimama mlangoni, anasikiliza kwanza. Wale wanaolalamika, wanaoita nesi nesi, wanaogombana na ndugu zao kuhusu chapati, aliwapungia mkono: nawasikia, nakuja. Halafu anakwenda moja kwa moja kwa yule ambaye hajasema kitu. "Anayelia ana pumzi ya kulilia," alikuwa anatuambia. "Anza na aliyenyamaza." Nimeona kwa macho yangu akivuka wodi nzima, watu wanamshika gauni, anakwenda mpaka kona ya mwisho kwa mzee wa Kidatoga aliyejifunika shuka lake gubigubi, ametulia tu, mstaarabu, hasumbui mtu. Mzee alikuwa amekwishaanza kuwa wa baridi. Tungempita na kumsifia kwamba ni mgonjwa mtulivu. Mzee yule aliondoka kwa miguu yake, fimbo mkononi, na alipofika getini aligeuka akalitazama jengo kwa muda kama mtu anayekagua zizi.

Sasa msije mkadhani namweleza malaika. Mama yule alikuwa na ulimi! Alikuwa mmbea wa kiwango. Nani kaoa, nani kafukuzwa na mama mkwe, mchungaji gani kanunua pikipiki, yote anayo, na akisimulia anaigiza mpaka mwendo wa mtu. Lakini katika miaka yote niliyofanya kazi naye sijamsikia akitia mgonjwa kwenye umbea wake. Alikuwa na ukuta humo kichwani, upande mmoja dunia yote, upande wa pili wagonjwa, na ukuta huo haukuwa na tundu. Watu wa mjini Mbulu walimjaribu sana sokoni, wanamzunguka kwenye vitunguu saumu: eti Mama, fulani amelazwa kwa ugonjwa gani? Yeye anauliza bei ya vitunguu.

Alikuwa pia anaogopa sindano. Jamani, si kuogopa kidogo. Matroni mzima! Siku ya chanjo ya wafanyakazi alitoweka, tukamtafuta hospitali nzima, mganga mkuu mwenyewe akamkuta stoo ya mashuka, kajibanza nyuma ya rafu. "Napanga mashuka," alisema. Tukamleta kama ng'ombe anayekwenda kuogeshwa. Alinishika mkono akafumba macho, na maneno aliyoyatoa kwa Kiiraqw sindano ilipoingia, mfanya usafi wetu alikataa kunitafsiria. Kesho yake alikuwa anawachoma watoto wa kliniki kwa wepesi ambao mtoto anakuja kugundua na kulia mama yake ameshamfunga mgongoni.

Kwangu alikuwa mkali na alikuwa mama. Mimi ni Mwislamu, na mwaka wa kwanza mwezi wa Ramadhani ulinikuta sina ndugu huku wala sijui duka la tende. Jioni anatokea na kitambaa kimefunika bakuli: viazi vya kuchemsha na maziwa. "Kula. Mungu wako na wangu hawagombani, wanaogombana ni tumbo lako na hii baridi." Kisha anakaa ananiangalia mpaka nimalize, huku ananisimanga kwamba nafunga lemba kama muuza samaki. Nililia siku ya kwanza. Nikasingizia mvuke wa viazi.

Lakini jambo lililonifanya nimwogope Mungu kwa ajili yake ni lile la kikombe.

Kuna desturi ya zamani huku. Mama akipoteza mimba, au mtoto akizaliwa amekufa, anakaa kando mpaka muda upite. Hali na wenzake. Moto wa jikoni kwake hauazimwi, kikombe chake hakiguswi, watu hawamsogelei, maana wanaogopa kwamba kilichomkuta kitahamia nyumba nyingine. Siku hizi wengi wameacha, na makanisani inakemewa waziwazi. Lakini zipo nyumba ambazo bado, na msiba ukija hata walioacha wanakumbuka.

Basi akaletwa binti mmoja, mimba ya kwanza, kutoka ndani huko Gehandu. Alichelewa njiani, mvua, matope, pikipiki ikakwama. Mtoto alizaliwa hana uhai. Kesho yake mama mkwe alikuja na chupa ya uji. Hakuwa mwanamke mbaya, nataka mnielewe, alikuwa ametembea tangu alfajiri na macho yamemvimba kwa kulia. Lakini alisimama mbali na kitanda, akanyoosha mkono, akamimina uji kwenye kikombe cha binti bila kukigusa, akarudi nyuma. Ndugu wa wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakaanza kuvuta mikeka yao kidogo kidogo. Yule binti alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, ananitazama mimi mgeni kana kwamba mimi nitamweleza.

Mimi nilitaka kuanza kugombeza. Nina mdomo, nilikuwa tayari. Matroni akanipita.

Alikwenda akakaa kitandani, kitandani kabisa, jambo alilotukataza sisi sote. Akasema, "Mwanangu, huo uji umebaki?" Akachukua kikombe mkononi mwa binti, akanywa. Siyo kuonja. Alikunywa kama mtu aliyetoka shamba. Akafuta mdomo kwa kiganja, akamrudishia, akasema, "Mama mkwe wako ni fundi wa uji. Maliza."

Mama mkwe akaguta. Akasema maneno kwa Kiiraqw, haraka haraka, mkono kifuani. Matroni akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, bila kuinua sauti. Mfanya usafi wetu ndiye aliyenitafsiria baadaye, na wakati huu hakukataa. Alimwambia hivi: "Nimekunywa kwenye vikombe vya wanawake kama huyu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Na mikono hii hii mnaiita iwazalishe binti zenu. Wewe mwenyewe nilikuzalisha huyu mwanao aliyemwoa. Sema mbele ya hawa, nilikuletea mkosi gani?"

Nani angebisha? Nusu ya watu waliokuwa mle wodini walipita kwenye mikono yake kuja duniani.

Mngedhani yameisha hapo. Binti aliporuhusiwa, Matroni alivaa mabuti, akaniambia twende. Tukampeleka mpaka kwao kwa pikipiki mbili, mimi ya nyuma nasali kwa kila utelezi. Kule hakuhubiri, hakuitisha kikao. Aliomba ugali na maziwa, akaweka sahani uani, pale ambapo kila anayepita njiani anaona, akamwita binti, wakala sahani moja. Polepole, na stori nyingi. Majirani wakaja kuchungulia kwenye ua wa minyaa. Aliwasalimia kwa majina, na akawa anamwambia mmoja mmoja, "Na wewe nilikupokea, ulitoka miguu kwanza, msumbufu tangu siku hiyo." Mama mkwe alisimama mlangoni muda mrefu sana. Mwisho akatoka na kibuyu cha maziwa, akawaongezea, akakaa chini karibu yao. Hakula. Lakini alikaa, na bega lake lilikuwa linamgusa binti.

Wakati wa kurudi nilimwambia Matroni, mama, wewe huna hofu kabisa.

Akanishangaa. "Mimi? Nimezaliwa huku huku, Korosho. Unadhani hofu hiyo niliipita wapi? Kila nikinywa kikombe kile tumbo linanikaza mpaka jioni."

"Sasa kwa nini unakunywa?"

"Kwa sababu yule binti alikuwa ananiangalia."

Ningemheshimu hata kama angekuwa mtu wa kudharau mambo hayo. Lakini kunywa huku unaogopa, mwanamke baada ya mwanamke, miaka na miaka, halafu kufuta mdomo na kusifia uji! Mimi sijui nguvu hiyo mtu anaitoa wapi.

Ndiye huyo sasa niliyekwenda kumtoa Gitting.

Nilimkuta amekaa barazani kwenye benchi, mguu ameunyoosha, umefungwa kipande cha kanga. Jirani yake alikuwa jikoni anachemsha chai. Shamba la maharage kweli lilikuwa zuri, na alihakikisha nalitazama lote kabla ya kuniruhusu kukaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenenepa."

Sikumuuliza habari. Nilinawa kwenye ndoo, nikasimama mbele yake nimejikumbatia, nikangoja. Alinitazama, na nikaona mdomo unamcheza kidogo. Akaanza mwenyewe kufungua kanga. "Tazama basi, si ndicho ulichofuata."

Kidole gumba kilikuwa cheusi. Jirani yake hakuwa ameongeza chumvi. Nikasafisha nilivyoweza, nikafunga upya, halafu nikamshushia maneno. Nilimwambia anajua kuliko mimi, amewapeleka watu wangapi chumba cha upasuaji na mguu kama huo, na wangapi aliwagombeza kwamba wamechelewa. Nilimwambia nitamwitia gari sasa hivi, apende asipende. Nilifoka mpaka jirani akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Kaa."

Nikakaa.

"Siogopi kukatwa," alisema. "Naogopa ninyi." Akaikunja ile kanga chafu. "Wewe ulikuwa hujaja. Mganga mkuu wetu wa zamani aliugua, tukamlaza palepale kwetu. Tulimpenda sana yule mzee. Basi sote tukawa kwake. Huyu ameleta supu, yule anamnyoosha mto, mwingine anamsomea zaburi. Na mimi nilikuwepo, mimi ndiye nilikuwa nimeshika supu. Kule mwisho wa wodi kulikuwa na mama, amefungwa mgongo, haruhusiwi kuinuka, kiu imemshika. Aliita. Kila mtu alidhani mwenzake amekwenda. Akainuka mwenyewe kutafuta maji, akaanguka. Hakutembea tena, Korosho. Walikuja kumchukua kwa machela ya miti, na mumewe akatushukuru. Akatushukuru kwa huduma nzuri."

Jirani alikuwa ameshusha mwiko.

"Mkinilaza pale," Matroni akasema, "nyote mtasimama kitandani kwangu. Nawajua, niliwalea. Nani atawageuza wengine? Bora niozee hapa na maharage yangu kuliko mtu aanguke kwa ajili yangu."

Nilichokuwa naona ni kidole kile cheusi. Mwisho nikamwambia, basi njoo ulazwe kama mtu yeyote. Kitanda kitakachopatikana, zamu itakayofika.

"Kuahidi ni rahisi."

"Nakuapia."

"Nikikuita na una mgonjwa mwingine mkononi?"

"Namaliza kwanza."

"Hata nikilia?"

"Hata ukilia."

"Apa kwa Mungu wako."

"Wallahi."

Akamgeukia jirani yake. "Umemsikia? Wewe ni shahidi. Akivunja tu, naita pikipiki, nakuja kumalizia palizi." Akaomba kitenge chake kizuri. Tukampakia kwenye Noah ya kukodi, na njia nzima akawa anamkosoa dereva.

Walimtoa vidole viwili, mguu ukabaki. Daktari alisema mguu huo umewahiwa dakika za mwisho, na sasa yote yanategemea kidonda kusafishwa kila siku bila kukosa, asitoke mapema, asikanyage. Sikulala vizuri kwa furaha na wasiwasi. Na asubuhi yake, kama alivyosema, loh! Nimefika wodini nakuta msafara. Mpishi na supu ya kuku. Mfanya usafi na blanketi jipya. Manesi wa kliniki, watu wa maabara, hata yule kijana wa mwandiko, wote wamemzunguka, wengine machozi yanawatoka. Yeye amegeukia ukutani, amefumba macho, na mkono wake umeshaanza kutafuta viatu chini ya kitanda.

Niliwafukuza. Nilitumia maneno ambayo sitayaandika. Supu niliipeleka ikagawiwa kwa wote, kila mtu vijiko vichache. Mpishi hajanisemesha vizuri mpaka leo. Matroni hakugeuka, hakusema asante, lakini mkono ulirudi ndani ya blanketi.

Siku iliyofuata nilikuwa nambadilisha bibi mmoja aliyepooza upande, kitanda cha upande wa pili kabisa. Mtu wa kugeuzwa, kufutwa, kupakwa mafuta mgongoni asije akachubuka. Nilikuwa nimemshikilia kwa kiuno, ameniegemea uzito wake wote, ndipo nikasikia.

"Nesi!"

Sikuitambua sauti kwanza. Miaka yote ile sijawahi kumsikia akimwita mtu amsaidie. Ikaja tena, imepasuka katikati: "Nesi, mguu!" Dawa ya kutuliza maumivu ilikuwa imemwisha. Nilijua ni maumivu na siyo hatari, ukikaa kwenye kazi hii unajua tofauti, lakini miguu yangu ilitaka kukimbia yenyewe. Wodi nzima iligeuka. Ndugu za wagonjwa walinitazama kana kwamba nimekuwa mnyama. Mama mmoja alisema kwa sauti, "Huyo anayeita si ndiye Mama aliyemfundisha kazi?"

"Nakuja, mama," nilisema. "Nina mgonjwa hapa."

Akanyamaza. Nikamfuta bibi mgongo. Nikampaka mafuta, kwapani, kiunoni, visigino. Machozi yalikuwa yananidondokea mikononi na nikawa nayapaka pamoja na mafuta. Nikamlaza upande mwingine, nikanyoosha shuka lisiwe na mkunjo. Sikuharakisha. Haki ya Mungu, ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na ilikuwa kazi ya kila siku.

Nikanawa, nikaenda kwake. Alikuwa ameuma pindo la blanketi, jasho linamtiririka, macho yamejaa maji. Nikashika trei ya kidonda. Akanizuia mkono.

"Umemaliza yule?"

"Nimemaliza, mama."

"Maji umemsogezea karibu? Anayafikia?"

Nikageuka kutazama. Kikombe kilikuwa mezani, na meza ilikuwa upande ule uliopooza. Nikaweka trei chini, nikarudi kwa bibi, nikaihamisha meza, nikamtia kikombe mkononi nikangoja mpaka akanywa. Kisha nikaja tena kwa Matroni, nikasimama.

"Anayafikia," nilimwambia.

Akaachia blanketi mdomoni. Akavuta mguu wake taratibu kwa mikono miwili, akausogeza mpaka ukingoni mwa kitanda, mbele yangu.

"Haya," alisema. "Sasa mimi."